Kumuuguza mtumiaji wa kiti cha magurudumu mwenye kidonda cha mgandamizo: mwongozo kamili

Kidonda cha mgandamizo hupona pale uzito uliokisababisha unapoondolewa na usirudi. Dawa, bandeji na chakula bora huusaidia mwili kufanya kazi yake, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kushindana na mfupa unaoendelea kuibana nyama saa baada ya saa. Ni jambo rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza, kwa sababu mtu anayetumia kiti cha magurudumu huambiwa akae mbali na chombo kilekile kinachomwezesha kufanya kazi, kutoka nje na kuonana na watu. Ikiwa kitandani amelala vibaya, anaona joto, hafikii maji wala simu na hana wa kuzungumza naye, atarudi kwenye kiti kabla ya wakati, na itakuwa vigumu kumlaumu. Kwa hiyo katika mwongozo huu raha ya mwenye kidonda inachukuliwa kuwa sehemu ya tiba yenyewe: mkao asioweza kuuvumilia hautamponya, hata kama vitabu vinausifu.

Maelezo haya yamekusudiwa kwa anayemuuguza mtu nyumbani, na kwa mwenye kidonda mwenyewe, ambaye mara nyingi anaujua mwili wake kuliko yeyote. Hayachukui nafasi ya daktari wala ya muuguzi wa vidonda.

Jua kidonda kiko wapi na kimefika kina gani

Mahali kidonda kilipo hueleza jinsi kilivyoanza, na jibu hilo ndilo linaloamua ni kitu gani kibadilishwe. Kidonda kilicho chini ya mfupa wa kukalia, yaani mmoja wa ile mifupa miwili unayoihisi ukikalia viganja vyako, kwa kawaida hutokana na kiti: mto umechakaa, hewa yake imepungua, au mtu hukaa muda mrefu bila kujipunguzia uzito. Kidonda cha kwenye kifandugu au juu yake kidogo huonyesha kwamba mtu huketi huku akiteleza mbele na mgongo umejikunja, au kwamba kitandani huegemezwa kwa saa nyingi. Cha pembeni mwa nyonga hutokana na kulala ubavu moja kwa moja juu ya mfupa wa paja, au na kiti chembamba kinachombana mapajani. Cha kisigino huanzia kwenye godoro au kwenye kibao cha kuwekea miguu. Mchubuko mrefu usio juu ya mfupa wowote mara nyingi ni alama ya kuburutwa wakati wa kuhamishwa. Kabla ya kununua chochote, tafuta chanzo. Kubadilisha godoro wakati tatizo liko kwenye mto wa kiti ni kupoteza fedha na muda.

Wahudumu wa afya huvipanga vidonda hivi katika madaraja 4. Katika daraja la 1 ngozi haijapasuka, ila imebadilika rangi na rangi hiyo haipotei ukiibonyeza. Katika daraja la 2 ngozi ya juu imetoka au kuna lengelenge. Daraja la 3 limepenya hadi kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, na la 4 limefika kwenye msuli, kano au mfupa. Nje ya madaraja hayo kuna kidonda kilichofunikwa na nyama iliyokufa, nyeusi au ya manjano, ambacho kina chake hakijulikani mpaka kisafishwe. Na kuna doa la zambarau lililo chini ya ngozi nzima, ambalo huonekana dogo leo na kufunguka kuwa shimo baada ya siku chache. Ngozi ikishapasuka, mwenye kidonda aonwe na mhudumu wa afya. Daraja la 3 na la 4 hayauguzwi nyumbani bila mpango uliowekwa na kliniki.

Maelekezo mengi humtaka muuguzaji atafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa, na anayeusubiri huchelewa. Tazama kwenye mwanga wa mchana, na ulinganishe sehemu unayoitilia shaka na ngozi iliyo karibu nayo au na upande wa pili wa mwili: je, imekuwa nyeusi zaidi, ya kijivu au ya zambarau, inang'aa kwa kuvimba, ni ngumu, au ni tepetepe? Kisha iguse kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu tofauti ya joto, iwe juu au chini, hutangulia rangi. Mwenye hisia atakuambia panauma kabla wewe hujaona chochote, na neno lake litoshe.

Ondoa uzito: namna ya kumlaza

Kwa kidonda cha mfupa wa kukalia au cha kifandugu, kukaa kunapunguzwa hadi kiwango cha chini kabisa. Pale mhudumu wa afya anaporuhusu kukaa, kikomo kinachotajwa mara nyingi ni mara 3 kwa siku, kila mara isizidi dakika 60, juu ya mto unaofaa. Kidonda chenye kina kikubwa huhitaji kitanda muda wote. Wauguzaji wengi hupanga dakika hizo ziangukie saa za kula. Mimi naona ni haki mwenye kidonda achague mwenyewe, kwani huenda angependa kula akiwa amelala ili dakika zake 60 azitumie kwa mgeni, kwa kazi au kwa kukaa barazani.

Kwenye godoro la kawaida mtu hugeuzwa kila baada ya saa 2. Kwenye godoro zuri la sponji nzito, au la hewa, muda huo unaweza kurefushwa hadi saa 4 ikiwa ngozi haionyeshi mabadiliko. Utaratibu huu una historia ndefu: Ludwig Guttmann, daktari aliyeanzisha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza mwaka 1944, aliagiza wagonjwa wake wageuzwe kila saa 2, usiku na mchana, katika enzi ambayo watu wenye majeraha hayo walitarajiwa kufa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya wahudumu, na mikono hiyo ndiyo iliyobadili hatima ya wagonjwa wale.

Mkao unaofaa zaidi kwa wengi ni wa kuinama upande kwa nyuzi 30, ambao si chali wala si ubavu. Mlaze chali, mgeuze kidogo upande mmoja, kisha weka mto mgongoni kuanzia begani hadi kiunoni ili mwili uegemee hapo bila kurudi nyuma. Mto wa pili uwe chini ya paja la upande ulioinuka, wa tatu kati ya magoti, na wa nne chini ya mashavu ya miguu, ukiwa umeenea urefu wote ili visigino vining'inie hewani na magoti yakunjike kidogo. Mkao ukikaa sawa, uzito wa nyonga huangukia kwenye nyama nene ya kalio, katikati ya kifandugu na mfupa wa paja. Usiamini macho kwa hili. Pitisha kiganja kilicholegea chini ya kifandugu, kisha chini ya mfupa wa nyonga. Kote kuwili kiganja kipite bila kubanwa. Pitisha karatasi chini ya kila kisigino, nayo itoke bila kukwama. Mwisho muulize mwenyewe kama shingo, bega la chini na sikio viko sawa, kwa kuwa bega lililokunjwa chini ya mwili huanza kuuma baada ya nusu saa, na ndilo humfanya mtu aombe kugeuzwa mapema.

Kichwa cha kitanda kisiinuliwe zaidi ya nyuzi 30, isipokuwa wakati wa kula au pale ambapo shida ya kupumua au kumeza inalazimu. Mtu akiegemezwa juu zaidi, mwili hushuka polepole kuelekea miguuni huku ngozi ya makalio ikibaki imeng'ang'ania shuka. Mfupa husogea, ngozi haisogei, na mishipa midogo ya damu iliyo katikati yake huvutwa na kupindwa hadi kuziba. Uharibifu huo huanzia ndani, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na shimo kubwa chini ya tundu dogo. Ikibidi kumwinua, kunja magoti yake kwanza kwa mto chini ya mapaja, halafu uinue kichwa. Ukifuata mpangilio huo hatateleza.

Kulala kifudifudi ndiyo nafuu kubwa kuliko zote kwa vidonda vya nyuma, kwa sababu sehemu nzima huachwa huru, lakini si kila mtu anaweza. Mwenye shida ya kupumua, mwenye tundu la kupumulia shingoni au ambaye nyonga zake zimekakamaa asilazwe hivyo bila idhini ya daktari. Anayeruhusiwa aanze kwa muda mfupi na kuongezewa taratibu. Mto mmoja uwe chini ya kifua, mwingine chini ya mapaja, mwingine chini ya sehemu ya mbele ya miguu, pakiwa na nafasi kwenye magoti, na vidole vya miguu vining'inie nje ya ukingo wa godoro. Kwa mwanaume hakikisha sehemu za siri hazijabanwa. Kwa yeyote mwenye mpira wa mkojo, fuata mpira kwa mkono tangu mwanzo hadi kwenye mfuko. Wengi huupenda mkao huu kuliko walivyotarajia, kwani mikono inakuwa mbele na wanaweza kusoma, kuandika au kutumia simu.

Vipo vitu vinavyotolewa kwa nia njema ambavyo huzidisha kidonda. Mto wa duara wenye tundu katikati hubana damu kuzunguka kidonda chote, na glavu zilizojazwa maji chini ya visigino hazisaidii kitu. Kusugua au kukanda ngozi iliyobadilika rangi huumiza nyama iliyokwisha kudhoofika. Chupa ya maji ya moto huweza kumuunguza asiye na hisia bila yeye kujua.

Godoro na shuka

Godoro hupimwa kwa mkono. Mtu akiwa amelala, ingiza kiganja chini ya godoro, au chini ya tabaka la juu kama limewekwa juu ya lingine, mahali pa kifandugu; ikiwa kati ya kiganja chako na mwili hubaki unene usiofikia sentimita 2.5, mtu huyo analalia kitanda na wala si godoro. La hewa la umeme likaguliwe kila siku kama pampu inafanya kazi na kama bomba halijakunjika. Juu yake tandika shuka moja tu iliyolegea: kila taulo, mpira na kitambaa kinachoongezwa hupunguza faida yake na kuongeza joto. Mikunjo, makombo, kifuniko cha kalamu na waya wa simu vikaguliwe kila anapogeuzwa, hasa kwa asiye na hisia.

Kumhamisha bila kumburuta

Kinga yote ya usiku huweza kupotea katika sekunde mbili za kuhamishwa vibaya. Mtu ainuliwe, asiburutwe. Watu wawili wakitumia shuka ya kuhamishia, kila mmoja akishika karibu na mwili, humsogeza juu kitandani bila makalio kusuguliwa. Ubao wa kuhamia kutoka kitandani hadi kwenye kiti usikutane na ngozi tupu, kwani ngozi yenye jasho hunasa kwenye mbao au plastiki. Avae nguo, au ubao ufunikwe kwa kitambaa kinachoteleza. Anayejihamisha mwenyewe kwa mikono akaguliwe asigonge kalio kwenye gurudumu au breki. Hapo ndipo vidonda vingi vinavyosemekana havina sababu hupata sababu yake. Kiti cha choo nacho huhesabiwa kuwa kukaa: kiwe na sponji, na dakika ziwe chache.

Kidonda chenyewe, na maumivu yake

Bandeji inayofaa huchaguliwa na muuguzi kwa kuangalia kina cha kidonda na maji yanayotoka. Kazi ya nyumbani ni kufuata ratiba aliyoiweka, kunawa mikono kabla na baada, na kusafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali au kwa maji safi ya kunywa. Spiriti na hidrojeni peroksaidi huua chembe changa zinazojenga nyama mpya, kwa hiyo viachwe. Dhana kwamba kidonda kiachwe wazi kikauke ilishapitwa na wakati. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwamba ngozi hujifunga haraka zaidi kidonda kikitunzwa na unyevu wa kiasi, na bandeji za leo zimejengwa juu ya ugunduzi huo. Kumimina unga wa vidonge vya antibayotiki kidondani hakusaidii na huchelewesha tiba halisi. Shimo likihitaji kujazwa shashi, ijazwe kwa kulegea, kwa maana shashi iliyoshindiliwa nayo ni mgandamizo.

Mara moja kwa wiki pima urefu, upana na kina, kwa mkao uleule, na upige picha kwa idhini yake ukiweka rula pembeni. Kidonda kilichoondolewa uzito kinapaswa kuonyesha dalili za kupona ndani ya takriban wiki 2. Kisipoonyesha, tatizo mara nyingi ni uzito ambao bado unarudi mahali fulani katika siku, au ni maambukizi, au ni lishe. Usiishie kubadilisha bandeji tu.

Kutokuwa na hisia hakumaanishi kutokuwa na maumivu, na watumiaji wengi wa viti, kama waliokatwa miguu, wazee na wenye maradhi ya mishipa ya fahamu, wanahisi kila kitu. Ikiwa daktari ameruhusu dawa ya maumivu, ipewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kubadilisha bandeji, wala isisubiri kilio. Bandeji iliyogandamana ilowekwe kwanza. Kubalianeni ishara ya kusimama, na akiitoa simama kweli, hata kama bado kidogo.

Mpeleke hospitali bila kuchelewa akiwa na homa au baridi ya kutetemesha, akichanganyikiwa, usaha au harufu ikizidi ghafla, ngozi ya pembeni ikivimba na kupata joto, au mfupa ukionekana. Kwa aliyeumia uti wa mgongo, kukakamaa kwa misuli kunakozidi bila sababu huweza kuwa dalili ya kwanza ya maambukizi. Hatari hii haiogopi uangalizi mzuri wala fedha: mwigizaji Christopher Reeve, aliyepooza kwa kuumia uti wa mgongo na kufariki mwaka 2004, alikuwa akitibiwa kidonda cha mgandamizo kilichopata maambukizi.

Aliyeumia kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu zaidi ana hatari nyingine ya pekee. Kidonda, kibofu kilichojaa au choo kigumu huweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Ataumwa kichwa kikali, ataloa jasho na uso kuwaka joto juu ya sehemu iliyoumia, na pengine moyo utapiga polepole. Mketishe wima mara moja, shusha miguu, legeza nguo na kila kinachobana, angalia kama mpira wa mkojo umekunjika au mfuko umejaa, kisha chunguza choo na ngozi. Hii ndiyo nafasi ambayo kumketisha kunatangulia kidonda. Isipotulia ndani ya dakika chache, ni dharura.

Unyevu na choo

Ngozi iliyolowa huchubuka kwa msuguano mdogo sana. Nepi ibadilishwe mara inapochafuka, ngozi isafishwe kwa sabuni isiyo kali na ikaushwe kwa kugusagusa, kisha ipakwe tabaka jembamba la mafuta ya kukinga au krimu yenye zinki. Tabaka nene huziba nepi isinyonye. Kidonda kilicho karibu na njia ya haja kubwa kikichafuliwa mara kwa mara, zungumza na kliniki kuhusu ratiba ya choo, maana bandeji ya gharama yoyote haidumu hapo.

Chakula

Mwili hujenga nyama kwa protini. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima mwenye kidonda cha mgandamizo na ambaye lishe yake ina upungufu ni gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, pamoja na kilokalori 30 hadi 35 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60, basi, anahitaji gramu 75 hadi 90 za protini. Mayai, samaki, nyama, maziwa na jamii ya kunde, vikigawanywa katika milo midogo mingi, humfaa aliyelala kuliko sahani moja kubwa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Maji yasipunguzwe kwa kuogopa mkojo, sukari ya mwenye kisukari idhibitiwe, na sigara, ambayo hubana mishipa ya damu inayolisha kidonda, iachwe.

Siku kitandani

Wiki za kulala huzaa matatizo yake: viungo hukakamaa, choo hukawia, kifua hujaa, na moyo wa mtu huvunjika. Viungo vya miguu vinyooshwe taratibu kila siku kama mtaalamu wa viungo alivyoelekeza, bila kuvuta ngozi ya kidondani. Mikono na mabega, ambayo kwa mtu huyu ndiyo humsukuma na kumwinua, ifanyiwe mazoezi ili siku ya kurudi kwenye kiti isimkute dhaifu.

Kisha panga chumba kwa kulala mahali pake na kutazama anachokiona. Lala wewe mwenyewe kwenye mkao wake kwa muda: utagundua kwamba taa inamchoma macho, kwamba saa iko nyuma ya kichwa, kwamba glasi ya maji iko upande wa mkono uliolaliwa. Kila anapogeuzwa, vitu vyake navyo vihamie upande mwingine: maji yenye mrija, simu na chaja, kengele au njia yoyote ya kuita, miwani, kitambaa cha jasho. Ratiba ya kumgeuza iliyobandikwa ukutani humfaa muuguzaji, lakini anayelala chini yake huiona siku nzima. Muulize kama anaitaka hapo.

Ageuzwe kwa kuombwa, wala asivamiwe. Mwambie kinachofuata, hesabuni pamoja, na funika sehemu za mwili zisizohitajika kuwa wazi, hata ikiwa ni mara ya sita siku hiyo. Usiku jaribu kuunganisha kumgeuza, kumwaga mfuko wa mkojo na kumpa maji katika ziara moja, ili alale kipande kirefu cha usingizi. Wageni wakae usawa wa macho yake. Kazi yoyote anayoweza kuifanya akiwa amelala, iwe ya hesabu za biashara, ya kuwasimamia watoto masomo au ya ajira yake, asinyang'anywe kwa kumhurumia. Na akionyesha huzuni isiyopungua, akakataa kula au kugeuzwa, hilo liripotiwe kliniki kama mnavyoripoti homa.

Kagua kiti kabla hajarudi

Wakati kidonda kinapona kiti kiko huru, na huu ndio wakati wa kukichunguza. Vua kifuniko cha mto. Sponji iliyobonyea mahali pa mifupa isiporudi juu ukiibonyeza imekwisha. Jeli isogezwe irudi chini ya mifupa ya kukalia. Mto wa hewa hupimwa mtu akiwa ameukalia: ingiza kiganja kati ya mto na mfupa ulio chini kabisa, na pawe na nafasi ya hewa ya takriban sentimita 1.5 hadi 2.5. Hewa ikizidi, mtu huelea juu na kuyumba. Ikipungua, mfupa hugusa kiti. Hakikisha pia mto haukugeuzwa nyuma mbele, kosa linalotokea kila kifuniko kinapofuliwa.

Angalia kitambaa cha kiti kama kimelegea na kubonyea katikati, kwani hugeuza nyonga na kuelekeza uzito upande mmoja. Kisha angalia vibao vya miguu. Vikiwa juu mno, magoti huinuka, mapaja huacha kubeba uzito na wote huhamia kwenye mifupa miwili ya nyuma. Vikiwa chini mno, mtu huteleza mbele na kukalia kifandugu. Paja lote liguse mto, nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Marekebisho haya yanahitaji spana tu, na mara nyingi huleta nafuu kuliko mto mpya. Nguo nazo zikaguliwe: mshono mnene, vifungo vya chuma, mfuko wa nyuma wenye pochi.

Kurudi kwenye kiti

Kidonda kikishajifunga na mhudumu akiridhia, rudi kidogo kidogo. Mtu aliyelala wiki nyingi huweza kupata kizunguzungu, kwa hiyo ainuliwe kwa hatua, kwanza kitanda, kisha ukingo wa kitanda, ndipo kiti. Mara ya kwanza akae dakika 15, arudi kitandani, na ngozi ichunguzwe palepale. Ikiwa rangi na joto vimerudi kawaida ndani ya nusu saa, muda huo urudiwe na siku zinazofuata uongezwe kwa dakika 15. Visiporudi, asikae tena mpaka ngozi itulie kabisa, na muda upunguzwe. Aliyefanyiwa upasuaji wa kufunika kidonda afuate ratiba ya hospitali yake pekee.

Akiwa kwenye kiti ajipunguzie uzito kila dakika 15 hadi 30. Kujiinua kwa mikono kwa sekunde chache hakutoshi, kwani damu huhitaji takriban dakika 2 kurudi vizuri kwenye nyama iliyobanwa, na hakuna mabega yanayovumilia hivyo kutwa. Bora ainame mbele, kifua kikielekea magotini au mikono ikiegemea meza, au ainame upande mmoja kisha mwingine, na kubaki hapo kwa dakika hizo mbili. Asiyeweza kuinama akiwa na kiti kinacholala nyuma, kilazwe vya kutosha. Kuinamisha kidogo kwa nyuzi chache humpa mtu mabadiliko ya mandhari bila kumpunguzia mgandamizo. Kengele ya simu isaidie mwanzoni, na shughuli za kawaida zichukue nafasi yake baadaye: kuinama kufikia kitu mezani, kujiegemeza pembeni wakati wa kuzungumza na simu.

Nyama ya kovu hairudishi nguvu yote ya awali. Hata baada ya miezi hufikia takriban asilimia 80 tu. Kwa hiyo mahali palipopona pakaguliwe asubuhi kabla ya kukaa na jioni baada ya kulala, kwa kioo cha mkono au kwa picha ya simu anayoipiga mwenyewe, na doa lolote jipya limrudishe kitandani siku hiyohiyo, kabla ngozi haijapasuka.